Weusi wanakufa karibu mara mbili kwa kansa ya mji wa mimba Marekani: ni unene, ni jeni au ni ubaguzi?

Swali nimelifupisha maana lilikuwa refu. Dada mmoja anasoma masta ya epidemiolojia huko Marekani, kachukua data za SEER (rejesta za kansa za serikali ya Marekani) za kansa ya mji wa mimba, katenganisha wanawake Weusi na Wazungu, kakuta kiwango cha kuugua kinakaribiana ila kwenye vifo Weusi wanakufa karibu mara mbili. Supavaiza wake kamwambia hiyo ni unene tu, adjasti uzito (yaani sawazisha tofauti ya uzito kwenye hesabu) uone itapotea. Hajaridhika, ananiuliza: "Dokta, ni unene, ni jeni au ni ubaguzi? Na dawa za kunyoosha nywele zinahusika? Nianzie wapi?"

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa supavaiza, hongera kwa kutoridhika.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno maana Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya, mtu akisema kansa ya kizazi wengi wanaelewa shingo ya kizazi, ile inayoletwa na kirusi cha HPV. We unaongelea inayoanzia kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba, ugonjwa mwingine kabisa, sababu nyingine, hauna chanjo wala kipimo cha kuchunguza wanawake wote wasio na dalili. Na Marekani hii ndo kubwa kati ya kansa za uzazi, kwa mwaka 2024 American Cancer Society ilikadiria wagonjwa wapya 67,880 na vifo 13,250, na wakati kansa nyingi vifo vinashuka hii vinapanda. Ukiangalia miaka mitano baada ya kugundulika, ukiondoa vifo vya mambo mengine, kati ya Wazungu 100 wanabaki hai kama 84, kati ya Weusi 100 wanabaki kama 63. Hilo ndo pengo lenyewe.

Sasa tuje kwenye namba zako. Unakumbuka sehemu za shule ya msingi, kiasi juu asili chini? Kosa lako liko chini. SEER inahesabu wagonjwa vizuri tu, ila inagawanya kwa wanawake wote walioko kwenye sensa, pamoja na wale walioshatolewa kizazi miaka iliyopita. Mwanamke asiye na mji wa mimba hawezi kupata kansa ya mji wa mimba, sasa kwenye hesabu yako anafanya nini? Tuseme una wanawake 100,000 na wagonjwa 30, unaandika 30 kwa laki. Kumbe 40,000 kati yao walishatolewa kizazi, walio hatarini kweli ni 60,000 tu, kiwango halisi kinakuwa 50 kwa laki. Na Marekani wanawake Weusi wanatolewa kizazi zaidi na wakiwa wadogo zaidi, hasa kwa sababu ya fibroidi, vile vivimbe vya kizazi visivyo kansa. Kwa hiyo asili yao imevimba kuliko ya Wazungu na kiwango chao kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Ukisahihisha, kule "kukaribiana" ulikokuona kunaondoka, Weusi wanapita juu.

Mfano ninaoupenda unatoka kwenye shingo ya kizazi maana namba zake zinashtua. Mwaka 2017 Anna Beavis na wenzake walirudia hesabu ya vifo vya Marekani kwa kutoa wanawake wasio na kizazi. Kabla ya kutoa, Weusi walikuwa 5.7 kwa laki na Wazungu 3.2. Baada ya kutoa, Weusi 10.1, Wazungu 4.7. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezwa wala dawa iliyobadilika, wamerekebisha asili tu na pengo likawa kubwa kuliko nchi nzima ilivyokuwa ikiamini.

Kufanya hivyo unahitaji takwimu za waliotolewa kizazi kwa umri, rangi na jimbo, na wengi tunazichukua BRFSS, ule utafiti wa simu wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Angalia mambo mawili. Swali la kizazi haliulizwi kila mwaka kwa hiyo utabaki na mapengo ya kuziba, na mtu anajieleza mwenyewe, kuna anayejua ametolewa "uvimbe" lakini hajui kama kizazi nacho kilienda. Kwa shingo ya kizazi kuna la ziada, wapo waliotolewa mji wa mimba shingo ikaachwa, hao bado wako hatarini. Mi andiko langu la kwanza lilirudishwa kwa kosa hilihili, mhakiki aliandika sentensi moja tu pembeni ya jedwali: hawa wanawake wana kizazi? Sijasahau mpaka leo.

Haya, unene. Supavaiza wako hajadanganya, amesema robo ya ukweli halafu akafunga mlango. Mafuta mwilini yanatengeneza estrojeni, baada ya kukoma hedhi ndo yanakuwa chanzo kikuu cha estrojeni, na estrojeni isiyo na projesteroni ya kuituliza inachochea utando wa mji wa mimba kukua mpaka unaharibika. Hiyo ndo njia ya kansa aina ya endometrioidi, iliyo ya kawaida, mara nyingi inagundulika mapema, ukipasuliwa unapona. Ila kinachoua sana Weusi ni zile aina nyingine, sirasi, kasinosakoma, seli angavu, zenye hasira, ambazo uhusiano wake na unene ni dhaifu zaidi, na Weusi wanazipata zaidi ya mara mbili ya Wazungu. Uchambuzi wa Megan Clarke na wenzake wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya aina hizi vilipanda kwa asilimia 2.7 kila mwaka kuanzia 2010 hadi 2017. Tena hata ukilinganisha steji moja kwa steji moja, aina kwa aina, Weusi bado wanaishi muda mfupi zaidi. Kama ni unene tu, hapo ungetegemea pengo liishe. Halafu usisahau, SEER haina uzito wa mgonjwa! Sasa anataka uadjasti nini?

Kwenye jeni ndo watu wengi wanateleza, tena watu wazima wenye PhD. Mwaka 2013 mradi wa TCGA, wa Marekani wa kusoma vinasaba vya kansa, uligawa kansa hii makundi manne kwa kuangalia vinasaba vya uvimbe, na kundi baya kuliko yote ni lile lenye p53 (jeni inayozuia seli kugeuka kansa) iliyoharibika na kromosomu zilizovurugika. Tafiti zilizofuata zikakuta uvimbe wa wanawake Weusi unaangukia zaidi kwenye kundi hilo. Mtu anasoma hapo anaruka, "kumbe ni jeni za Waafrika". Hapana bana. Hayo ni mabadiliko yaliyotokea ndani ya uvimbe, mtu hakuzaliwa nayo. Mapafu ya mvuta sigara nayo yana mabadiliko mengi ya jeni, hujawahi kusikia mtu anasema amerithi sigara. Kujua uvimbe umeharibika wapi ni jambo moja, kujua nini kiliuharibu na kwa nini umeota zaidi kwa hawa ni jambo lingine. Sikatai kwamba urithi unaweza kuwa na mchango wake, nakataa neno "Mweusi" kwenye fomu ya hospitali kutumika kama kipimo cha urithi. Neno hilo linapima jinsi jamii inavyomwona mtu na kumhudumia. Na TCGA yenyewe wengi waliotoa sampuli walikuwa Wazungu, kwa hiyo kwa Weusi tunasoma kitabu ambacho kurasa nyingi hazijaandikwa.

Turudi kwenye kuadjasti, maana andiko lako zima litasimama au kuanguka hapo. Ukiadjasti steji, bima, hospitali, matibabu na kipato, kisha pengo likapungua likawa dogo, hujathibitisha kwamba rangi haina shida. Umeonyesha barabara ambazo shida inapita. Bima, steji na hospitali ni vitu vya katikati, vinatokea baada ya mtu kuwa Mweusi ndani ya Marekani, havikuwepo kabla. Ni sawa na mtu aseme ukiondoa njaa, ukame hauui. Kwa hiyo uwe na maswali mawili tofauti na usiyachanganye kwenye jedwali moja. La kwanza pengo lote ni kubwa kiasi gani, hapo unaadjasti umri na mwaka wa kugundulika, basi. La pili ni kiasi gani cha pengo kinapitia njia fulani, na hapo unataja njia moja na kuichora kabla hujagusa kompyuta. Ukiweka vyote kwa pamoja halafu ukasoma namba ya rangi kana kwamba ndo "rangi yenyewe", utakuwa umefanya kosa ambalo limejaa kwenye majarida miaka na miaka.

Kuna tafiti mbili nawapa wanafunzi wazisome pamoja siku hiyohiyo. Zote zimetumia majaribio ya GOG, kundi la watafiti wa kansa za uzazi Marekani, yaani wagonjwa waliopangiwa dawa kwa utaratibu mmoja. Ile ya Farley kwenye kansa ya ovari ilikuta Weusi na Wazungu wanaishi muda unaokaribiana wakitibiwa sawa. Na kumbuka kwenye ovari nje ya majaribio pengo lipo, Weusi wanaugua kidogo kuliko Wazungu lakini wanakufa haraka, na cha kusikitisha katikati ya miaka ya 1970 uhai wa Weusi wenye kansa ya ovari haukuwa chini ya Wazungu, ndo baadaye Wazungu wakapanda wao wakabaki. Ile ya pili ya Maxwell mwaka 2006 ni ya mji wa mimba uliosambaa au kurudi, wanawake 1,151, na hapo hata kwa matibabu ya majaribio nusu ya Weusi walikuwa wamefariki ifikapo miezi 10.6, Wazungu 12.2, hatari ya kufa juu kwa asilimia 26.

Ukizisoma pamoja unaona nini? Kwenye ovari sehemu kubwa ya shida iko kwenye nani anapata upasuaji na kemo inavyotakiwa. Kwenye mji wa mimba kuna kitu kimeshatokea kabla mgonjwa hajafika mlangoni, aina ya uvimbe, muda uliopotea, au vyote. (Ndiyo, wanaoingia kwenye majaribio ni watu waliochujwa, wana nguvu kiasi na wamepata rufaa, andika hilo kwenye mapungufu.)

Hapo mlangoni ndo ningekupeleka kama ungekuwa mwanafunzi wangu. Zaidi ya asilimia 90 ya wanawake wanaopata kansa hii baada ya kukoma hedhi wametokwa damu kwanza. Ugonjwa unapiga hodi! Kansa ngapi zinakupa dalili ya wazi hivyo? Sasa mwanamke anafika, ametokwa damu, anapigwa altrasaundi ya njia ya uke, wanapima unene wa utando. Chini ya milimita 4 wengi wanaambiwa uko salama, nenda nyumbani, hakuna biopsi, yaani kipande cha utando kupimwa maabara. Kikomo hicho kimetokana na tafiti zilizofanywa zaidi kwa wanawake Wazungu wenye kansa ya kawaida. Mwanamke Mweusi ana uwezekano mkubwa wa kuwa na fibroidi zinazovuruga picha, na ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ile aina isiyotegemea estrojeni ambayo inaweza kuota kwenye utando mwembamba kabisa. Mwaka 2024 Kemi Doll wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walitoa matokeo ya wanawake Weusi waliotolewa kizazi, 210 kati yao walikuwa na kansa, na kwa kikomo cha milimita 4 asilimia 9.5 ya kansa zingekosekana, kwa milimita 5 asilimia 11.4. Yaani kwa milimita 4 tu ni kama wanawake 20 katika hao 210 wangeambiwa wako salama huku wana kansa. Na Doll hajaishia kwenye majarida, ni mwanzilishi wa ECANA, mtandao wa wanawake Weusi wenye kansa hii, kwa hiyo maswali yake mengi yanatoka kwa wagonjwa wenyewe.

Ona sasa jibu la "unene, jeni au ubaguzi" lilivyo. Hakuna daktari aliyemchukia mgonjwa kwenye hadithi hiyo. Altrasaundi imepigwa vizuri, mwongozo umefuatwa, na bado Mweusi kaumia zaidi, kwa sababu mwongozo ulipotungwa hakuwepo chumbani. Biolojia ya uvimbe ipo, fibroidi zipo, na utaratibu uliojengwa kwa mwili wa mtu mwingine nao upo, vimefumwa pamoja. Ukiniuliza nichague kimoja nitakwambia swali limekosewa, ila ukiniuliza wapi pa kushika kwanza nitasema kwenye utaratibu, maana hicho tunaweza kukibadilisha kesho asubuhi: ametokwa damu baada ya kukoma hedhi, chukua biopsi.

Dawa za nywele, nijibu haraka. Sister Study iliyotoka 2022 iliwafuatilia wanawake 33,947 kwa karibu miaka 11, wakapatikana wagonjwa 378 wa mji wa mimba. Waliokuwa wananyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kufika asilimia 4.05 ya kupata kansa kabla ya miaka 70, wasiotumia kabisa 1.64. Kama asilimia 60 ya watumiaji walikuwa Weusi, na ndo maana jambo hili linaingia kwenye mada yako. Mwaka uliofuata Black Women's Health Study ya Boston nayo ikaona hatari kupanda kwa waliokoma hedhi na kutumia rilaksa muda mrefu. Naona inastahili kuchukuliwa kwa uzito, lakini kumbuka washiriki wote wa Sister Study ni wanawake wenye dada aliyeugua kansa ya titi, na rilaksa inaeleza kuugua, haielezi kwa nini aliyeshaugua anakufa mapema. Usiibebeshe mzigo usio wake.

Kuna kitu kingine nakuomba usikifanye, kuandika "kutokuamini hospitali" kama tabia ya wagonjwa Weusi kisha ukaiweka kama sababu. J. Marion Sims alijifunzia upasuaji miaka ya 1840 huko Alabama kwa wanawake watumwa, Anarcha, Lucy na Betsey ndo majina tunayoyajua, bila ganzi, na sanamu yake iliondolewa Central Park 2018 tu. Henrietta Lacks alifariki 1951 kwa kansa ya shingo ya kizazi akiwa na miaka 31, seli zake zikachukuliwa Johns Hopkins bila ruhusa yake na zinatumika maabara hadi leo. Kutoamini ni kumbukumbu. Kama unataka kupima, pima upande wa pili, ni mara ngapi mwanamke alieleza damu inamtoka kabla mtu hajaagiza biopsi.

Na neno Mweusi kwenye data yako limebeba watu wengi, mjukuu wa watumwa wa Mississippi, Mhaiti wa Miami, Msomali wa Minneapolis. Utashawishika kuwatenganisha kwa mahali walipozaliwa. Tahadhari sana! Kwenye SEER mahali pa kuzaliwa panakosekana kwa wengi, na kunajazwa zaidi kwa waliokufa kwa sababu cheti cha kifo kinauliza. Ukitumia wenye taarifa kamili tu, umechagua waliokufa bila kujua, na curve yako ya uhai itakuwa kichekesho.

Nianzie wapi, umeuliza. Andiko la masta halihitaji kumaliza dunia. Chukua swali moja: pengo la kuugua kati ya Weusi na Wazungu likisahihishwa kwa waliotolewa kizazi linabadilikaje kwa kila aina ya uvimbe, kwa miaka hii na hii. Hapo SEER na BRFSS vinakutosha. Ukitaka matibabu, SEER ya kawaida itakuangusha kwenye kemo, maana "hakupata" na "haijulikani" vimewekwa kapu moja, na SEER-Medicare (SEER iliyounganishwa na bima ya serikali ya wazee) ni nzuri ila kwa sehemu kubwa ni watu wa miaka 65 kwenda juu, wakati wapo wanaougua mapema. National Cancer Database ina matibabu mengi zaidi na bima, ila inatoka hospitali zilizosajiliwa kwenye mpango wake tu, sio watu wote wa eneo, kwa hiyo kiwango cha kuugua usikitafute humo hata siku moja. Na kama una njia ya kupata faili za hospitali, swali la nani alipimwa HER2 (protini inayochochea uvimbe kukua) kwenye sirasi ni dogo, linawezekana, na lina maana, kwa sababu tangu jaribio la Amanda Fader la 2018 tunajua trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, ikiongezwa kwenye kemo inasaidia wenye HER2, na asiyepimwa hawezi kupewa.

Supavaiza usigombane naye. Mpelekee jedwali lenye safu mbili, kabla ya kusahihisha na baada, bila maneno mengi, halafu muulize uzito ataupata kwenye faili gani.